Kumpendekeza mhadhiri ni kutoa ushahidi

Mahafali yanapokaribia, baadhi ya vyuo vikuu vyetu huwaalika wanafunzi, wahitimu na watumishi kupendekeza majina ya wahadhiri wanaostahili tuzo ya ufundishaji bora. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora mjini, na kwa kuwa nilisomea ualimu katika chuo kimoja cha mkoa huu, niliwekwa katika kamati inayosoma mapendekezo hayo nikiwawakilisha wahitimu. Barua nilizokwisha kuzisoma zinanitosha kusema bila kuuma maneno kwamba nyingi hazimsaidii anayependekezwa hata kidogo, na kwamba wako wahadhiri wazuri waliokosa tuzo kwa sababu tu waliowapenda hawakujua namna ya kuwasemea.

Barua ya kawaida huenda hivi. Mwandishi humshukuru Mwenyezi Mungu, kisha husema kuwa mhadhiri fulani ni mpole, mcheshi, mchapakazi, anawahi kipindi, hana ubaguzi, na ni mzazi wa wote. Humalizia kwa kuiomba kamati imfikirie. Hakuna neno baya katika hayo, lakini pia hakuna hata sentensi moja inayoeleza ufundishaji. Ukiliondoa jina la mhadhiri ukaweka la mhasibu wa chuo au la mlinzi wa getini, barua inabaki na maana ileile. Kamati iliyopewa rundo la barua za namna hiyo haina njia ya kumtofautisha mtu na mwenzake, na matokeo yake huishia kumchagua anayejulikana zaidi: mwenye sauti kubwa vikaoni, au mwenye kozi inayosomwa na wanafunzi wengi kiasi kwamba lazima jina lake lijirudie.

Kamati inahitaji kuambiwa ni kozi ipi, ilifundishwa mwaka gani, wanafunzi walikuwa na ugumu gani, mhadhiri aliufanyia nini ugumu huo, na baada ya hapo nini kilibadilika. Nitaeleza barua moja iliyonipendeza, bila kumtaja aliyeiandika wala aliyeandikiwa. Iliandikwa na mwalimu kijana anayefundisha hisabati wilayani Urambo, akimpendekeza mhadhiri wake wa mbinu za kufundishia. Alisema kwamba darasani kwao wengi walikuwa wakinakili maandalio ya somo kutoka kwa waliowatangulia, wakibadilisha tarehe na jina la shule, na yalikuwa yakipata alama nzuri kwa sababu yalikuwa yamepangwa vizuri. Mhadhiri huyo alikataa kuyasahihisha yakiwa karatasi tu. Kila mwanafunzi alitakiwa kufundisha sehemu fupi ya somo mbele ya wenzake kwa kufuata andalio lake mwenyewe, kisha wenzake ndio walioulizwa wamejifunza nini. Aliyenakili alijulikana ndani ya dakika chache, na hakuwa na wa kumlaumu.

Barua iliendelea hadi kwenye mazoezi ya kufundisha. Mwandishi alikuwa amepangiwa shule ya kata wilayani Kaliua, na mhadhiri yuleyule ndiye aliyekwenda kumkagua. Alikaa nyuma ya darasa kwa vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80 zote, na walipotoka nje hakuanza na alama. Alimuuliza ni mwanafunzi yupi mle darasani ambaye hakuwa ameelewa, na yeye mwalimu alijuaje. Kijana hakuwa na jibu. Waliketi chini ya mwembe wakapitia madaftari ya wanafunzi wachache, wakakuta kwamba karibu wote walikuwa wamenakili hesabu za ubaoni kwa usahihi na hawakuweza kufanya hata moja ambayo haikuwa ubaoni. Anasema swali lile hajaliacha tangu siku hiyo, na kwamba sasa, akiwa na mkondo wenye wanafunzi zaidi ya 70, hamalizi kipindi kabla ya kupita kwenye madawati akiangalia hesabu ambayo hakuifanya yeye.

Anayejua jinsi ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha unavyoendeshwa ataona uzito wa habari hiyo. Mkaguzi ana wanafunzi waliotawanyika Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui, gari ni moja, siku ni chache, na kishawishi cha kukaa robo saa, kujaza fomu na kuaga ni kikubwa mno. Barua ile haikumwita mhadhiri mchapakazi hata mara moja. Ilitupa jambo tunaloweza kulithibitisha: tuliomba fomu za ukaguzi za mwaka ule, tukaona maoni aliyowaandikia wanafunzi wengine, tukakuta ni maoni marefu yanayohusu wanafunzi wa darasani kuliko yanavyohusu mwandiko wa ubaoni au mavazi ya mwalimu. Ushahidi mmoja ulituongoza kwenye mwingine, na kazi ya barua ya pendekezo ni hiyo hasa.

Naomba pia lisipite bila kuonekana kwamba aliyeandika alikwisha kuhitimu. Mwanafunzi aliyemo darasani anaweza kusema kama anaelewa anachofundishwa, na kama mhadhiri anahudhuria na kurudisha kazi kwa wakati. Hawezi kusema kama alichofundishwa kitamfaa, kwa sababu bado hajakitumia. Kwa maoni yangu, shahidi mwenye thamani kubwa kuliko wote ni mhitimu aliyekaa kazini mwaka mmoja au miwili, muda wa kutosha kujua kipi kilimbeba na kipi kilikuwa cha kujibia mtihani, lakini usio mrefu kiasi cha kuanza kuikumbuka enzi ya chuo kwa huruma. Ajabu ni kwamba vyuo vingi huwaomba maoni wanafunzi waliopo tu, pengine kwa sababu ndio walio karibu.

Hapo tunafika kwenye madodoso ya tathmini ambayo wanafunzi hujaza mwishoni mwa muhula. Kila chuo kinayo, na kamati za tuzo huyapenda kwa sababu yanatoa wastani, na wastani hauna ubishi: mwenye 4.6 amemzidi mwenye 4.2. Mimi nina mashaka makubwa na wastani huo, na mashaka yangu hayakuanzia Tabora.

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Donald Naftulin, John Ware na Frank Donnelly, walichapisha habari za jaribio ambalo kila mjumbe wa kamati ya tuzo angepaswa kulijua. Walimchukua mwigizaji, wakampa jina la Dkt. Myron L. Fox, wakamtengenezea wasifu wa kitaaluma unaovutia, na kumtambulisha kwa kundi la madaktari wa magonjwa ya akili, wanasaikolojia na wataalamu wa elimu kuwa ni bingwa wa matumizi ya hisabati katika kuchunguza tabia za binadamu. Mada aliyoizungumzia hakuijua. Alikuwa amefundishwa kuzungumza kwa uchangamfu huku akichanganya maneno ya kubuni, hoja zinazopingana na vichekesho visivyohusiana na mada, kisha akajibu maswali kwa mtindo huohuo. Wasikilizaji walipopewa dodoso, wengi walimsifu, na wapo waliosema kuwa hotuba iliwachochea kufikiri. Hao hawakuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walikuwa watu wenye shahada zao, na baadhi yao kazi yao ni kuwafundisha wengine namna ya kufundisha.

Huenda mtu akasema hilo lilikuwa jaribio la siku moja, na mwigizaji asingemaliza muhula mzima bila kugundulika. Basi tuangalie utafiti wa Scott Carrell na James West uliochapishwa mwaka 2010, uliotumia kumbukumbu za chuo cha jeshi la anga la Marekani. Pale wanafunzi hupangiwa walimu bila kuchagua, na wote wa kozi moja hufanya mtihani mmoja, kwa hiyo ulinganisho ni wa haki kuliko kwingine. Watafiti hao walikuta kwamba walimu ambao wanafunzi wao walifaulu vizuri katika kozi ya kwanza ya hisabati ndio pia waliopata alama nzuri za tathmini, lakini wanafunzi hao hao walifanya vibaya zaidi katika kozi zilizofuata zilizoijenga ile ya kwanza. Walimu wenye uzoefu mkubwa walikuwa kinyume chake: wanafunzi wao walipata alama za chini katika kozi ile ya kwanza, lakini waliendelea vizuri zaidi baadaye. Kwa lugha ya hapa kwetu, yule anayewapa wanafunzi maswali yanayofanana na ya mtihani hupendwa muhula huu, na gharama yake humwangukia mhadhiri wa mwaka wa pili.

Kuna jambo jingine linalotuhusu. Mwaka 2015 Lillian MacNell na wenzake walichapisha jaribio dogo la kozi iliyofundishwa kwa intaneti, ambapo mwalimu mwanamke na mwalimu mwanamume walibadilishana majina kwa baadhi ya makundi, na wanafunzi hawakuwahi kuwaona. Mwalimu aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipata alama za juu hata katika kipengele cha kurudisha kazi kwa wakati, ilhali kazi zilirudishwa kwa wakati uleule. Wanafunzi waliohusika walikuwa wachache, na sitaki kulibebesha jaribio hilo zaidi ya linavyoweza kubeba. Hata hivyo nimesoma maoni ya wanafunzi wetu ambamo mhadhiri wa kiume anayekataa kazi zilizochelewa anaitwa makini, na wa kike anayefanya hivyohivyo anaitwa mkali, mwenye roho mbaya, na hata mtu mwenye matatizo nyumbani kwake. Mjumbe wa kamati asiyeligundua hilo atakuwa anahesabu chuki kana kwamba ni takwimu.

Sisemi madodoso yatupwe. Yanaonyesha utoro, lugha ya matusi na kozi iliyofundishwa nusu, na mambo hayo ni ya lazima kuyajua kabla ya kumpa mtu tuzo. Ninachopinga ni kuyafanya mizani. Katika kamati yetu tumekubaliana kuyatumia kumwondoa asiyefaa, na baada ya hapo kuyaweka pembeni tukasome barua, mitihani, maandalio na kazi za wanafunzi zilizosahihishwa. Kazi zilizosahihishwa husema mengi. Ukipewa kazi tatu za mwanafunzi mmoja, za mwanzo, katikati na mwisho wa muhula, unaona kama mhadhiri aliandika alama ya vyema na kuendelea na safari yake, au alimweleza mwanafunzi kosa lake na mwanafunzi akalirekebisha.

Suala la nani apendekeze ni gumu kuliko linavyoonekana kwenye tangazo. Mwanafunzi mmoja aliyekuja kuniomba ushauri aliniuliza, "Mwalimu, mimi nina supu kwenye kozi yake. Nikimwandikia barua hatadhani najipendekeza?" Supu ni mtihani wa marudio kwa aliyefeli. Lilikuwa swali la haki. Anayepewa tuzo ndiye anayesahihisha mtihani, ndiye anayesimamia utafiti wa mwaka wa tatu, na ndiye atakayeandika barua ya udhamini siku mwanafunzi akiomba kazi. Upande wa pili, wapo wahadhiri wanaowadokeza viongozi wa darasa kwamba dirisha la mapendekezo limefunguliwa, na kiongozi wa darasa, ambaye hana njia ya kukataa, huandaa karatasi ya saini. Ninapoona barua zenye sentensi zinazofanana neno kwa neno, zote za tarehe moja, huziweka kando zote, hata kama namjua mhadhiri na namheshimu. Dawa yake si ngumu. Barua za wanafunzi waliopo zipelekwe moja kwa moja kwa katibu wa kamati bila kupitia idarani, majina ya walioandika yasitolewe kwa mtu yeyote, na barua za wahitimu zipewe uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa mhitimu hana tena cha kuogopa wala cha kutarajia.

Walio rahisi kusahaulika katika mapendekezo ni wale wanaofundisha kozi za lazima za mwaka wa kwanza, kama vile stadi za mawasiliano na stadi za maendeleo. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama dirishani, kipaza sauti kinakatika, na kila aliyemo anaamini kwamba alikuja chuoni kusomea jambo jingine. Kufundisha vizuri katika hali hiyo ni kazi nzito kuliko kuwafundisha wanafunzi 15 wa mwaka wa tatu walioichagua kozi kwa hiari yao, lakini barua nyingi hutoka kwa hao 15. Wengine wanaosahaulika ni wahadhiri wasaidizi wanaoendesha semina. Mara nyingi mwanafunzi husema alimwelewa profesa, na ukimdadisi unagundua alichokielewa alikielewa kwenye semina ya Alhamisi jioni, kwa kijana ambaye hata jina lake la pili hakulijua.

Siwasahau wanaopinga tuzo zenyewe. Mzee mmoja aliyestaafu ualimu, ambaye namheshimu sana, alinijibu kwa methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na akaongeza kwamba kizuri chajiuza. La kwanza nalikubali kwa sehemu, ndiyo maana nadhani tuzo isitolewe kwa mtu mmoja mara mbili ndani ya miaka michache. La pili silikubali. Ufundishaji haujiuzi, kwa sababu hufanyika ndani ya chumba kilichofungwa mlango na mashahidi wake hutawanyika baada ya miaka mitatu. Utafiti ndio unaojiuza: makala hubaki, husomwa Dodoma na London, huhesabiwa. Kupanda kutoka Mhadhiri kuwa Mhadhiri Mwandamizi, na kutoka hapo kuwa Profesa Mshiriki, hutegemea sana machapisho. Na serikali yenyewe imeutia utafiti nguvu; katika mwaka wa fedha 2022/2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza kutenga Sh. bilioni 1 kwa ajili ya kuwatuza watafiti wa vyuo vikuu wanaochapisha katika majarida ya kimataifa ya hadhi ya juu. Naliunga mkono jambo hilo. Lakini mhadhiri kijana mwenye akili timamu akitazama yanayomlipa na yasiyomlipa, atajua jioni yake aitumie wapi, na daftari la mwanafunzi halitakuwa mahali hapo.

Nchi nyingine zimeliona pengo hilo zamani. Kanada ina tuzo ya kitaifa ya ufundishaji wa vyuo vikuu tangu 1986, Uingereza ilianzisha yake mwaka 2000, na Afrika Kusini, ambayo mazingira yake yako karibu zaidi na yetu, ilianza mwaka 2009. Ninachokipenda katika utaratibu wa Uingereza ni kwamba mhadhiri haangaliwi kwa ubora wake mwenyewe tu. Hutakiwa pia kuonyesha alivyowasaidia wenzake kufundisha vizuri zaidi. Hilo kwetu lingewaondoa mapema mabingwa wasiokubali mtu yeyote aingie darasani mwao.

Limebaki jambo ambalo watu wetu hulikwepa, nalo ni maelezo ambayo mhadhiri mwenyewe hutakiwa kuandika baada ya kupendekezwa. Tumelelewa kuona aibu kujisemea, na matokeo yake hujitokeza kwa namna mbili: wapo wanaoandika nusu ukurasa wa kumshukuru mkuu wa idara, na wapo wanaobandika wasifu wao wote, pamoja na semina walizohudhuria na vyeti vya kushiriki. Namna ya kuepuka yote mawili ni kueleza tatizo moja la kufundisha ambalo mhadhiri amepambana nalo kwa miaka kadhaa, pamoja na yale aliyojaribu yakashindikana. Mhadhiri mmoja wa lugha alituandikia jinsi alivyotumia mihula miwili kuwapa wanafunzi insha kila wiki, akazidiwa na kusahihisha, akaanza kuzirudisha zikiwa zimechelewa mwezi mzima, na akaona uandishi wao haujasogea. Akapunguza insha hadi tatu kwa muhula, kila moja ikiandikwa upya baada ya maoni. Aliambatisha rasimu mbili za mwanafunzi mmoja, jina likiwa limefutwa kwa ruhusa yake. Hakuna mstari hata mmoja alipojisifu, na hakuna mjumbe aliyemaliza kusoma akiwa na shaka kwamba huyu ni mwalimu.

Maelezo kama hayo hayawezi kuandikwa kwa usiku mmoja kama mhadhiri hakutunza kitu. Anayefikiri kwamba siku moja atapendekezwa, au anayetaka tu kujua kama anaendelea, atunze nakala chache za kazi za wanafunzi kwa idhini yao, mitihani yake ya kila mwaka, na kumbukumbu fupi za vipindi vilivyomshinda. Mkuu wa idara naye anaweza kusaidia kwa kuingia darasani mwa wahadhiri wake walau mara moja kwa muhula na kuandika alichokiona, kwa sababu barua ya mkuu wa idara ambaye hajawahi kumwona mtu akifundisha huwa tupu kuliko zote.

Kwa mwaka huu, kamati yetu imeongeza kwenye fomu nafasi ya mhitimu kueleza jambo moja alilofundishwa na analolitumia kazini, pamoja na jina la kozi na mwaka aliousoma. Ukurasa mmoja unatosha. Wenzangu mlioko Nzega, Igunga, Sikonge na huko Kigoma, ambao kila tukikutana kwenye usahihishaji wa mitihani ya taifa mnawataja wahadhiri haohao wawili watatu kwa majina, fomu inapatikana kwa katibu wa kamati chuoni, na si lazima muifuate wenyewe. Mnaweza kumtuma anayekuja mjini.